Ufunguo uje ukiitwa: diski ya netiwaki yenye TLS bila kuacha ufunguo ukizagaa

Nianze na waya, manake bila waya hii nisingejisumbua na mambo ya funguo hata siku moja. Mimi kazi yangu ni kuskani picha za zamani za watu na kuedit video za harusi hapa Lamu, na seva yangu ya diski haiko kwangu, iko kwa ami yangu nyumba ya pili, kwake kuna sola na betri na kwangu stima ikienda imeenda. Nyumba zetu za mji wa kale ni za mawe ya matumbawe, ukuta mnene hadi wifi inafika kwenye zidaka inakufa hapo hapo, kwa hivo ikabidi nipitishe kebo juu ya dari, ivuke kichochoro, ikatize juu ya paa la gesti, ndo iingie kwa ami. Mita kama 40 hivi.

Ami akaiangalia ile waya akasema, "Mwanangu, na hawa wageni wanaolala hapa juu wakiamua kuichomekea chombo chao je?" Nikacheka. Alafu usiku nikakaa nikafikiria, nikaona mzee ana haki. Nikachukua komputa nyengine, nikaandika faili fupi kwenye diski ya seva yenye maneno "hii ni siri ya bibi harusi", nikiwa nasikiliza netiwaki kwa tcpdump:

tcpdump -i enp3s0 -A port 4420

Ikatokea. Herufi kwa herufi, "hii ni siri ya bibi harusi", katikati ya takataka za paketi. Mtu wa gestini mwenye swichi ya bei ya kawaida na laptopu angesoma kila picha ya kila bi harusi niliyeskani. Basi ndo nikaingia kwenye habari ya NVMe juu ya TCP (diski ya mbali inayoonekana kama ya ndani) yenye TLS (usimbaji wa mawasiliano), na ndo nataka nikuonyeshe vile nilivoipanga, hasa upande wa ufunguo, manake kuwasha TLS kwenyewe si kazi, kazi ni ufunguo ukae wapi na uje lini.

Kabla hujagusa kitu elewa inavofanya kazi, ukielewa hapa mbele hupotei. Unapoamrisha klayenti (mashine inayotumia diski) iunganishe kwa TLS, keneli ya Linux (kiini cha mfumo) inafungua TCP kwenye poti 4420, lakini yale mazungumzo ya mwanzo ya TLS 1.3 haiyafanyi yenyewe, inamuita programu mmoja anaitwa tlshd anayekaa nje ya keneli, huyu anasalimiana na seva, wakishakubaliana anairudishia keneli funguo za kikao, na kuanzia hapo keneli inasimba kila kitu yenyewe. Sasa tlshd hajui ufunguo wa kwako, unatafutwa kwenye mkoba wa funguo wa keneli unaoitwa .nvme (na hiyo nukta ya mbele ni sehemu ya jina). Ukiwa haumo, hakuna muunganisho, dmesg itakwambia:

no valid PSK found

PSK ni ufunguo wa pamoja ambao pande zote mbili zinao kabla ya kuanza kuongea. Hakuna cheti hapa, hakuna mamlaka ya vyeti, na kwangu mimi hiyo ni raha kubwa kwa sababu moja ya kijinga: betri ndogo ya ubao wa seva ilishakufa, stima ikikatika seva inaamka ikidhani ni mwaka mwengine kabisa, na cheti kingegoma kwa sababu ya tarehe. PSK haiulizi tarehe.

Jambo la pili la kushika, ule mkoba uko kwenye memori tu. Ukiribuuti, mtupu. Watu wengi wanakwama hapo, wanaweka ufunguo kwa mkono, inafanya kazi, wanashangilia, stima inakatika, asubuhi diski haipo na hawajui kwa nini.

Vitu utakavohitaji ni keneli 6.7 au zaidi (msaada wa TLS kwa NVMe/TCP uliingia hapo, mwanzoni mwa 2024), pakiti ya ktls-utils ambayo ndani yake ndo kuna tlshd, nvme-cli ya karibuni, na keyutils. Debian 13 inakuja na keneli 6.12 kwa hivo upande wa umri iko sawa. Lakini umri pekee hautoshi, angalia kama waliijenga na hicho kipande:

grep NVME_TCP_TLS /boot/config-$(uname -r)
grep NVME_TARGET_TCP_TLS /boot/config-$(uname -r)

Ya kwanza ni ya klayenti, ya pili ni ya seva, zote ziseme y. Na jaribu komandi nvme help, kama kwenye orodha huoni tls-key basi nvme-cli yako ni ya zamani, tafuta mpya zaidi kwanza. Alafu kwenye faili ya mpangilio ya tlshd (mashine nyingi ni /etc/tlshd.conf) hakikisha chini ya authenticate kuna hivi:

[authenticate]
keyrings=.nvme

Washa tlshd pande zote mbili, systemctl enable --now tlshd, twende.

Kutengeneza ufunguo. Ufanye kwenye klayenti, na moduli iwe imeshapakiwa kwanza kwa sababu ile mkoba wa .nvme haupo kabisa mpaka moduli iingie. Jina la diski (NQN) mimi nimelitunga hivi, wewe tunga lako:

modprobe nvme-tcp
nvme gen-tls-key --hmac=1 --identity=1 --hostnqn=$(cat /etc/nvme/hostnqn) --subsysnqn=nqn.2025-01.lamu.nyumbani:picha --insert

Itakutolea mstari unaoanza na NVMeTLSkey-1:01: alafu herufi nyingi za base64. Ile 01 maana yake SHA-256, ingekuwa 02 ni SHA-384. Mwisho wa zile herufi kuna hesabu ya kukagua, CRC-32, kwa hivo ukinakili kwenye karatasi ukakosea herufi moja, nvme check-tls-key itakukamata. Na ndio, inakili kwenye karatasi, nitakwambia kwa nini.

Zingatia kitu kimoja, ufunguo huu umefungwa na majina mawili, jina la hosti na jina la diski. Kitambulisho chake kwenye mkoba kinaanza na NVMe1R01 kisha hostnqn kisha subsysnqn. Ukibadilisha hostnqn ya klayenti, mathalan umeinstoli upya, ufunguo upo lakini hautaonekana, ni kama umemuita Salim na yeye siku hizi anajiita Sele. Angalia ulivokaa:

grep psk /proc/keys

Sasa utoe uende kwenye faili. Mimi nautoa kwenye /run kwa sababu /run iko kwenye memori, si kwenye diski:

nvme tls-key --export --keyfile=/run/funguo-picha

Faili hiyo hiyo ndo utaipeleka kwa seva, kwa scp, tafadhali si kwa WhatsApp. Nimeona watu. Na usitumie ile njia ya kuandika ufunguo kwenye komandi yenyewe kwa --keydata kama mna watu wengine kwenye mashine, manake ps inaonyesha komandi nzima kwa kila mtu na historia ya shelo inaihifadhi.

Sasa ndo tunafika penye shughuli. Njia rahisi ya wengi ni kuuweka ufunguo /etc/nvme/tls-keys na kuupakia kila mashine inapowaka. Inafanya kazi. Lakini maana yake ufunguo uko wazi kwenye diski ya klayenti saa ishirini na nne, na mashine yangu mimi inabebwa, saa nyengine naenda nayo Shela, saa nyengine napanda boti nayo mpaka Mokowe, ikiibiwa imeibiwa na ufunguo wake. Mimi nilitaka uje ninapofungua folda tu, na nikimaliza uondoke.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la kijuajua. Nikasema, ufunguo unahitajika kwenye kusalimiana tu, si ndio? Wakishasalimiana wana funguo zao za kikao, ule wa mwanzo wa nini tena. Nikauwekea saa, dakika tano ufe:

keyctl timeout 0x1a2b3c4d 300

(namba hiyo ya mfano, yako utaiona kwenye /proc/keys, weka hiyo 0x mbele.) Nikaunganisha, diski ikaja, dakika tano zikapita, ufunguo ukafa, diski inaendelea vizuri, nikajiona fundi. Nikaanza kutoa video ya harusi ya saa tatu. Kaskazi siku hiyo ilikuwa inavuma sawasawa, na kile kichwa cha kebo pale darini kilikuwa kimeshaanza kuliwa na chumvi, ikatikisika kidogo tu, sekunde mbili tatu. Kwa NVMe/TCP kukatika hivo si kitu, yenyewe inajaribu kurudi kila sekunde 10 mpaka dakika 10 ziishe. Lakini kurudi ni kufungua TCP mpya, na TCP mpya ni kusalimiana upya, na kusalimiana upya ni ufunguo ule ule ambao mimi nimeshauua. Folda ikaganda, programu ya video ikaganda, nikawa naiangalia tu, mwisho ikatoa makosa ya kusoma na kuandika na kazi ya usiku mzima ikaenda. Bwana harusi alikuwa anaisubiri adhuhuri.

Kwa hivo kanuni niliyoifuata toka siku hiyo ni kwamba umri wa ufunguo usihesabiwe kwa saa, uhesabiwe kwa muunganisho. Diski ikiwa imeshikwa, ufunguo upo. Diski ikiachwa, ufunguo haupo. Na systemd (msimamizi wa sevisi za Linux) inakupa hilo bila kuandika programu yoyote, vipande vitatu tu vinashikana.

Kipande cha kwanza, faili ya ufunguo isimbwe kwa chipu ya TPM (chipu ya kutunza siri) ya mashine yenyewe ili mtu akiichomoa diski asipate kitu:

mkdir -p /etc/credstore.encrypted
systemd-creds encrypt --name=funguo-picha --with-key=host+tpm2 /run/funguo-picha /etc/credstore.encrypted/funguo-picha
rm /run/funguo-picha

Jina la --name ulishike vile vile, limesimbwa ndani na baadaye lisipolingana itakataa. Mashine isiyo na TPM unaweza kutumia --with-key=host, lakini ujue hapo siri ya kufungulia inakaa kwenye diski hiyo hiyo, ni kama kufunga mlango na ufunguo ukautia chini ya mkeka. Na hapa ndo karatasi inapoingia: TPM iko kwenye ubao, na bodi za huku kwetu pwani hazifi uzee, zinaliwa na chumvi. Ubao ukifa, faili hiyo haifunguki tena popote. Karatasi yangu iko kwa ami, kwenye sanduku, pamoja na hati za nyumba.

Kipande cha pili, sevisi. Faili iitwe /etc/systemd/system/nvme-picha.service:

[Unit]
Description=Diski ya picha kwa ami
Wants=network-online.target tlshd.service
After=network-online.target tlshd.service
StopWhenUnneeded=yes

[Service]
Type=oneshot
RemainAfterExit=yes
LoadCredentialEncrypted=funguo-picha:/etc/credstore.encrypted/funguo-picha
ExecStartPre=/usr/sbin/modprobe nvme-tcp
ExecStart=/usr/sbin/nvme tls-key --import --keyfile=%d/funguo-picha
ExecStart=/usr/sbin/nvme connect -t tcp -a 10.10.10.2 -s 4420 -n nqn.2025-01.lamu.nyumbani:picha --tls
ExecStop=/usr/sbin/nvme disconnect -n nqn.2025-01.lamu.nyumbani:picha
ExecStop=/usr/bin/keyctl clear %%:.nvme

Soma polepole. LoadCredentialEncrypted inafungua ule ufunguo uliosimbwa na kuuweka mahali ambapo sevisi hii peke yake inaona, hiyo %d ndo njia ya kufika hapo. Kisha unaingizwa kwenye mkoba, kisha tunaunganisha. Wakati wa kuzima tunakata kwanza ndo tunasafisha mkoba, usigeuze. Ile asilimia mbili kwenye mstari wa mwisho si makosa ya kuandika, systemd inakula moja, mimi niliandika moja nikapoteza jioni nzima. Na clear inamwaga mkoba wote, kama una diski mbili za TLS usiitumie, ondoa ufunguo mmoja mmoja kwa keyctl unlink.

StopWhenUnneeded ndo uchawi wenyewe. Ikiwa hakuna anayeihitaji sevisi, inajizima. Usiienable, usiiwashe kwa mkono, iache tu hapo.

Kipande cha tatu, wa kuihitaji. Mstari mmoja kwenye /etc/fstab, UUID weka ya kwako:

UUID=xxxx /mnt/picha xfs noauto,nofail,_netdev,x-systemd.automount,x-systemd.idle-timeout=15min,x-systemd.requires=nvme-picha.service 0 0

Kisha systemctl daemon-reload na systemctl start mnt-picha.automount. Sasa ukifanya ls /mnt/picha tu, systemd inashika mlango, inaona folda inataka kumauntiwa, kumaunti kunataka sevisi, sevisi inaita ufunguo, tlshd anasalimiana, diski inatokea, na ls yako inajibu. Kwangu ni kama kuvuta pumzi mbili. Ukiacha kuigusa dakika 15, inajiondoa, sevisi inaona haina kazi, inakata, mkoba mtupu. Na waya ikitikisika katikati ya kazi, ufunguo bado uko, inarudi yenyewe.

Angalizo hapo, programu zingine hazitulii, zile za kuonyesha picha ndogo ndogo na za kutafuta faili zinapekua folda kila saa, kwa hivo dakika 15 hazifiki kamwe. Mimi nilizizuia zisiingie /mnt/picha.

Upande wa seva nitapita mbio. Ni configfs (mpangilio wa keneli kupitia mafolda) ya nvmet, yaani upande wa seva wa NVMe, kama kawaida, chini ya /sys/kernel/config/nvmet unatengeneza diski, unaitaja hosti inayoruhusiwa, unafungua poti, ila kwenye poti usisahau hizi mbili kabla hujaiunganisha na diski:

echo tls1.3 > ports/1/addr_tsas
echo required > ports/1/addr_treq

Bila required unaacha nafasi ya mtu kuingia bila TLS na kazi yote inakuwa bure. Na attr_allow_any_host iwe 0. Seva yenyewe haiwezi kuita ufunguo unapohitajika kama klayenti, yeye ndo anayengojewa mlangoni, kwa hivo kwake ule ufunguo upakie kila inapowaka, kwa sevisi kama ile ya juu lakini moduli iwe nvmet-tcp, bila connect, bila StopWhenUnneeded, na itangulie kabla poti haijafunguliwa. Seva yangu haitoki kwa ami, hatari yake ni nyengine.

Mambo mawili watu huchanganya. Hii si NFS (folda ya netiwaki inayotumiwa na mashine nyingi pamoja), diski ya namna hii ni ya mashine moja kwa wakati mmoja, ukiimaunti kwenye mbili na XFS kama hivi utaiharibu na hakuna wa kukuonea huruma. Na TLS inalinda waya tu, kwenye diski kule kwa ami data iko wazi, ukitaka na huko weka LUKS (usimbaji wa diski yenyewe) juu yake.

Kuhakikisha, folda ikiwa wazi:

cat /sys/class/nvme/nvme1/tls_key
grep psk /proc/keys

Ya kwanza ikupe namba ya ufunguo, na ya pili ikuonyeshe namba hiyo hiyo (nvme1 ni kwangu, kama una diski ya ndani namba zitapishana). Alafu ngoja robo saa bila kugusa, rudia ile grep, isitoke kitu. Kisha nenda nje uchomoe kebo kidogo ukiwa unakopi faili kubwa, hesabu mpaka kumi, irudishe, kopi iendelee. Usiache jaribio hili, afadhali ukatikiwe leo ukiwa unajaribu.

Mimi nilimaliza kwa kurudia ile tcpdump ya mwanzo, nikaandika tena "hii ni siri ya bibi harusi" nikasubiri. Takataka tupu. Nikamuita ami aje aone, akaja na kahawa yake, akaangalia skrini kwa muda, akaniuliza, "Sasa hapa imeandikwa nini?" Nikamwambia hakuna kinachosomeka ami, ndo uzuri wake. Akasema haya, na ile kebo darini lini unabadilisha kichwa?

Bado sijabadilisha.